Naomba ushauri: mtunzi wa taarabu, nisajili COSOTA au COSOZA (ofisi za hakimiliki za Bara na Zanzibar)?

Habari zenu wakuu. Natunga mashairi ya taarabu, naishi Tanga; siimbi, kazi yangu ni maneno tu. Kikundi kimoja cha Unguja kinataka kurekodi wimbo wangu, beti tano na kiitikio, ila kiongozi wao anataka anilipe mara moja na mtunzi aandikwe kikundi. Pesa naihitaji, lakini jina langu siliachii, maneno yale yametoka moyoni. Nimeomba tuandikishane, anasema taarabu haina mambo hayo.

Bara tuna COSOTA na sheria ya hakimiliki ya 1999, Zanzibar wana COSOZA. Je, nisajili wapi kwanza? Na kwenye mkataba niweke kipengele gani jina langu libaki? Mliopitia haya nisaidieni, studio wanaingia wiki ijayo.