Uliongeza miaka ya kazi kwenye sivii ukaitwa? Tupeane uzoefu

Binti wa Dandora
Leo nimepita Baba Dogo nikaona akina dada wamepanga foleni kwenye geti la kiwanda cha nguo na bahasha za kaki, mwili ukanisisimka. Mwaka 2019 nilisimama foleni kama ile. Sivii yangu ilisema nimeshona kwa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, miaka mitatu. Ukweli, nilikuwa nimeshonea shangazi sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Ovaloki nilikuwa nimeiona tu.

Msimamizi hakuuliza kitu. Alivuta nyuzi zote nne zikatoka, akasema, "Pitisha, kisha nishonee mkono wa fulana." Mbili za sindano nilibahatisha. Zile mbili za chini, zinazozunguka kwenye vyuma vilivyopinda, sikujua hata kifuniko kinafunguliwa wapi. Dada wa kando yangu alishika kibano, punde anashona. Uzi wangu ulikuwa umelowa jasho, hauingii. Msimamizi alisimama nyuma yangu kimya mpaka wengine wakamaliza, akanirudishia bahasha. Nyumbani nilisema nafasi zimejaa.

Nanyi semeni yenu.

Mkaazi wa Pipeline
Hiyo ya kurudishiwa bahasha naijua. Pole dada.

Kijana wa Kayole
Mimi sijutii. Kazi ya kuanzia wanataka miaka mitano. Umetoka chuoni Desemba, hiyo miaka utaitoa wapi? Niliandika nimefanya mauzo miaka minne, nikaajiriwa, nikajifunzia ndani. Leo nafundisha wengine.

Mama Wawili
Kijana, nafasi hiyo ilikuwa ya mtu. Mimi nilikuwa na miaka minne ya kweli, ya kuzunguka Nyamakima na Kamukunji na mfuko wa sampuli mgongoni, nikaambiwa amepatikana mwenye zaidi. Sisemi ni wewe. Lakini kuna mtu aliandika.

Kijana wa Kayole
Laumu waajiri, mama.

Mama Wawili
Nakulaumu wewe. Mwajiri hakukushika mkono ukiandika.

Karani Mstaafu
Nimekaa ofisi ya ajira miaka mingi. Tulikuwa tunaomba P9, ile fomu ya kodi ya mshahara, na taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri wako na miezi uliyolipwa vinaonekana hapo, hata simu hatupigi. Na serikalini vilevile: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walikutwa na vyeti bandia. Ukiacha kazi dai haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti kinachoonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani, mradi hukukaa chini ya wiki nne.

Mkaazi wa Pipeline
Kibarua wa mjengo atapewa hicho cheti na nani? Analipwa jioni, mkononi.

Mwenye Saiba
Nimesoma haya yote nikaona niseme. Nilikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na River Road. Barua za kazi niliandika nyingi sana, shilingi 300 moja.

Kijana mmoja alitaka iseme ameendesha folklifti miaka miwili. Nikaweka jina la ghala lililokwisha kufungwa, ili simu isipokelewe. Muhuri nikachongewa na jirani. Akapata kazi Industrial Area. Wiki ya tatu aliinua mzigo wa unga, akakata kona mzigo ukiwa bado juu. Mashine ikalala. Mpakiaji mmoja akavunjika nyonga.

Nilidhani polisi watakuja. Alikuja yule kijana, jioni, akaketi kwenye kompyuta namba nne bila kuiwasha. Akasema, "Yule mzee aliniuliza kama nimezoea. Nikamwambia bosi ameiona barua."

Sikuandika nyingine tena. Mzee anatembea kwa mkongojo. Namjua anapokaa.

Mama Wawili
Mungu wangu.

Mkaazi wa Pipeline
Nenda umwambie, ndugu. Leo.

Karani Mstaafu
Kabla hujaenda ona wakili. Kughushi hati kuna kifungo cha hadi miaka mitatu.

Mama Wawili
Wakili wa nini? Aende na mchungaji na gunia la mchele, apige magoti.

Kijana wa Kayole
Mimi ni mauzo tu. Hakuna aliyevunjika.

Mwenye Saiba
Yule naye alisema ni kuinua mizigo tu.

Fundi Kariobangi
Dada wa Dandora tumemsahau. Fika NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Commercial Street, uulizie mtihani wa ufundi, anzia daraja la tatu. Pale unaonyesha mikono. Mafundi wa jua kali wengi wamepata cheti hivyo.

Binti wa Dandora
Asante fundi. Na kazi ya kwa shangazi, inaandikika? Hakukuwa na ofisi wala risiti.

Fundi Kariobangi
Iandike jinsi ilivyokuwa. Ulikuwa unashona ngapi?

Binti wa Dandora
Msimu wa Januari, sketi sita za marinda kwa siku.

Fundi Kariobangi
Na hiyo ndiyo hukuiandika?