Mjadala: Tumbo limevurugika, fangasi wamepanda, bado unameza dawa ya "kutoa sumu"?

Mbukwenyi wadau wa Dodoma na kanda ya kati. Hoja naiweka mezani bila kuzunguka: mtu anatumia dawa za kutoa metali nzito mwilini, yaani risasi, zebaki na wenzao, katikati ya safari tumbo linavurugika na fangasi wanamwandama. Aendelee huku akilitibu tumbo, au aache kwanza? Liko kundi linalosema kuharisha, gesi na utando mweupe mdomoni ni ushahidi kwamba "sumu inatoka", kwa hiyo ongeza dawa ya fangasi, kata sukari, songa mbele. Mimi nasema aache. Na wengi wa ninaowaona hawakutakiwa hata kuanza.

Nauza dawa hapa mjini, vifurushi vyenyewe vinafunguliwa mbele yangu. Kwenye mfuko mmoja utakuta kopo la vidonge vinavyonuka yai viza, chupa ya matone isiyo na namba ya usajili, vidonge vya mkaa, nistatini ya fangasi, na karatasi ya ratiba: saa 12 alfajiri, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku, siku tatu mfululizo kisha mapumziko. Ratiba hiyo hupita mkono kwa mkono, na anayeifuata kwa kweli hapati usingizi. Kwangu anataka flukonazo tu, dawa nyingine ya fangasi. Nikiuliza kipimo gani kilionyesha hizo metali, mara nyingi naambiwa ni ile mashine ya kushika chuma mkononi, kompyuta inatema ini, figo, mifupa na "madini mazito" kwa dakika chache. Mashine haijagusa tone la damu, lakini imeshaandika dozi.

Tuitazame dawa yenyewe. Inayotajwa sana ni DMSA. Ina salfa, ndiyo harufu ile, na salfa hiyo huishika risasi ikatoka nayo kwa mkojo. Ni dawa halali ya hospitali. Ila haichagui sana: zinki na shaba nazo huondoka kiasi. Madhara yake yanayojulikana ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kukosa hamu ya kula, ladha ya chuma mdomoni, vipele, vimeng'enya vya ini kupanda na chembe nyeupe za damu kushuka. Kwa hiyo mtu akiharisha baada ya kumeza, mshukiwa wa kwanza ni kidonge. Hiyo "sumu inatoka" imekuja kutuliza wateja.

Na fangasi? Kandida, ndiye fangasi anayelaumiwa hapa, anaishi tumboni mwa watu wengi wazima kabisa, akionekana kwenye choo haina maana anakuumiza. Anapata nafasi ya kutamba ukimeza antibayotiki hovyo, ukiwa na kisukari kisichodhibitiwa, au kinga ikishuka. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima si jambo la kupaka dawa na kusahau. Pima sukari, pima VVU. Hao "fangasi wa damu" wanaotangazwa kila kona sijawahi kuwaona kwa mteja aliyekuja kwa miguu yake, maana mwenye fangasi kwenye damu kweli ni mgonjwa wa kulazwa. Halafu flukonazo nayo inaweza kuliumiza ini. Umelitwisha ini mizigo miwili kwa tatizo ambalo hakuna aliyelipima.

Wakati huo huo amiba, giadia na minyoo, wenyeji wetu halisi, hawajatafutwa. Kipimo cha choo ni cha bei ndogo kuliko kopo moja la vidonge vile.

Linaloniudhi zaidi ni chakula. Ili "kuwaua fangasi kwa njaa" mtoto anakatiwa uji, ugali, maziwa na matunda, hata ubuyu. Sasa sikilizeni: mwili wenye upungufu wa madini chuma na kalsiamu hunyonya risasi nyingi zaidi kutoka tumboni. Mwongozo wa WHO wa 2021 kuhusu risasi unasema kuanzia mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, tafuta chanzo na ukiondoe, na mtoto ambaye chakula chake hakimtoshelezi chuma au kalsiamu aongezewe. Dawa ya kutoa risasi, ya kumeza au ya sindano, inapendekezwa kwa mtoto wa miaka 10 na chini pale risasi inapofika 45. Maana yake maziwa, dagaa, maharage na mlenda uliopikwa vizuri vina kazi hapo, na wewe ndivyo ulivyoviondoa sahanini. Ni kuruka majivu ukakanyaga moto.

Wapo pia wanaoulizia drip za EDTA, dawa nyingine ya kutoa metali. Ziko aina mbili zenye majina yanayokaribiana, moja yenye kalsiamu na moja isiyo nayo. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alitundikiwa ile isiyo na kalsiamu. Kalsiamu ya damu ikaporomoka, moyo ukasimama.

Karibuni mnipinge.

Mama mmoja, Kisasa
Kaka yangu, unaongea ukiwa nyuma ya kaunta. Mwanangu ana usonji. Alikuwa hapati choo, analia usiku, anajipiga kichwa ukutani. Tulipopunguza soda na biskuti, tukampa mtindi na dawa ya choo, alitulia na akaanza kulala. Hospitali moja waliniambia "mzoee tu". Ningekaa? Vidonge vya metali nilivianza kwa sababu mtu wa kunisikiliza alikuwa yule anayeviuza.

Mchimbaji wa zamani, Manyoni
Mimi nimefanya kazi machimbo ya dhahabu ya Londoni, huku kwetu. Dhahabu ikishakamatwa na zebaki tunaichoma kwenye bati, wakati mwingine jikoni kwa mama watoto. Mikono inanitetemeka, kikombe cha chai nashika kwa mbili. Hayo ya mashine ya mkononi sina. Nami unaniambia nisizitumie hizo dawa?

Mleta mada
Mama, ulichofanya kwa choo na soda ni tiba nzuri na usiiache. Watoto wengi wenye usonji wana shida ya choo kigumu, na mtoto mwenye maumivu tumboni anaweza kujipiga. Lakini angalia kilichomponya: tumbo limetibiwa kama tumbo. Vidonge vile havina sifa hapo. Marekani walipanga kuvijaribu rasmi kwa watoto wenye usonji, wakasitisha mwaka 2008, baada ya panya wasio na risasi waliopewa DMSA kuonekana wamedhurika uwezo wa kujifunza. Huyo aliyekwambia "mzoee" simtetei. Nenda na kijana kwa daktari wa watoto mwingine, beba na makopo yote uliyompa, ayaone.

Mzee wangu wa Manyoni, wewe ni kesi nyingine kabisa, na nashukuru umekuja. Mvuke wa zebaki ni sumu ya kweli, na kutetemeka huko ni dalili yake inayojulikana, ingawa yapo maradhi mengine yanayotetemesha. Kipimo chako ni mkojo, uchukuliwe kabla hujameza dawa yoyote ya kutoa metali, kwa sababu dawa hupandisha namba hata kwa mtu wa kawaida na hakuna kiwango cha kuilinganisha. Nenda hospitali ya rufaa, sema wazi kazi uliyofanya, daktari aandike kipimo na aulize maabara ya Mkemia Mkuu sampuli ipelekwe wapi. Dawa iamuliwe baada ya hapo, huku figo na damu vikifuatiliwa. Kama bado kuna anayechoma nyumbani kwako, kichomeo kitoke leo, maana mama watoto na watoto wanavuta hewa ile ile. Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 risasi ya machimbo iliua mamia ya watoto. Madaktari waliowapa waliobaki DMSA walitaka kijiji kisafishwe kwanza, mtoto asirudi kwenye vumbi lile lile.

Kwa wale wa "sumu inatoka": nimewasikia sana dukani. Mwenye majibu ya damu ya kabla na ya baada, yaliyopimwa maabara, ayaweke hapa tuyasome pamoja.