Bosi hajanilipa hata senti tano halafu leo ananidai CHENJI mbele ya mteja!!

Mla Bando
Wakuu sina salamu mnisamehe, nimetoka huko sasa hivi niko kwenye daladala ya Makumbusho mikono inatetemeka hata sijui naandika nini. Yule mtu mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kizibao, kila kongamano la vijana na teknolojia yupo siti ya mbele, akishika maiki lazima aseme anakuza vipaji. Vipaji vyenyewe ndio sisi sasa, tunakuzwa kwa njaa.

Niliingia pale kama intani kabla masika hayajaanza, makubaliano ya mdomo, "dogo tulia kwanza ujifunze, hela itakuja". Haijaja. Nauli yangu, laptopu yangu, bando langu, intaneti ya ofisi ikikata ofisi nzima inaning'inia kwenye hotspoti ya simu yangu mpaka yeye mwenyewe anaangalia marudio ya mpira kwa MB zangu.

Kazi niliyofanya: mfumo wa maduka ya dawa, mteja ana matawi. Laravel na MySQL, mwanzo mwisho mimi. Kila boksi lina namba yake ya bechi na tarehe ya kuekspaya, bechi inayokaribia kuisha muda inapanda yenyewe juu ya listi inakuwa nyekundu, muuzaji akitaka kuuza ya nyuma mfumo unamgomea mpaka amalize ya mbele. Risiti inatoka moja kwa moja kwa VFD ya TRA, ule mfumo wa risiti za kodi, pale kwenye VFD nilikesha mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Mchango wa bosi ni rangi. Alisema kijani iwe "ya kibiashara zaidi".

Leo ndio siku ya kumwonyesha mteja. Nimevaa shati nililovaa harusi ya kaka. Projekta imewaka, dashibodi yangu imejaa ukuta mzima, mteja anauliza hii ya kuekspaya inafanyaje kazi, nafungua mdomo nijibu, jamaa ananigeukia na noti ya elfu kumi: "Dogo hebu kimbia hapo chini tuletee wageni maji." Nikaenda. Jua la saa saba. Nimerudi nimekumbatia katoni jasho linanitoka mpaka kwenye viatu, nikagawa chupa moja moja kwa heshima zote, nikakaa. Akanitazama mbele ya mteja, mbele ya mhasibu wa mteja, mbele ya dada wa mapokezi ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kunisalimia: "Chenji yangu iko wapi?"

CHENJI. Mia tano. Ile sarafu ya nyati.

Nikaichomoa kwa haraka ikaponyoka ikabiringika mpaka chini ya meza, nikapiga magoti kuitafuta kwenye nyaya, na wakati niko kule chini katikati ya viatu vya watu namsikia juu anasema "sisi kama timu tulikaa tukafikiria sana hii ya kuekspaya". Wakuu nilikuwa CHINI YA MEZA. Mfumo wangu uko ukutani mimi niko chini ya meza natafuta mia tano ya mtu ambaye angepiga hesabu ya bando tu ananidai... hapana mimi ndio namdai, mnaona hata kichwa kimevurugika.

Kila nikiuliza hela ananiambia nalipwa uzoefu. Sasa mwenye nyumba Sinza nimpelekee uzoefu kwenye bahasha? Halafu chenji. Chenji jamani. Ngoja nishuke.

Kandambili Moja
Kwanza pole. Pili, uliipata?

Shombo la Feri
Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kahama siti. "Katikati ya viatu vya watu" 😂😂😂

Mla Bando
Kandambili niliipata ndio, ilikuwa imeingia kwenye ekstensheni. Nikampa. Akaipokea!! Hakusema hata "kaa nayo". Akaiweka mfukoni akaipigapiga.

Fundi wa Usiku
Akaipigapiga 😂 huyo namjua huyo. Mimi nilipita pale miaka hiyo, kizibao ni kile kile. Mimi aliniambia nitalipwa mradi ukiisha, mradi ukaisha akasema kulikuwa na mradi mwingine mkubwa zaidi unakuja. Mpaka leo unakuja.

Dada Pikseli
Afadhali wewe ulitumwa maji mara moja. Mimi mbunifu wa muonekano, wa kike peke yangu ofisi nzima, kuchemsha chai ilikuwa kama ipo kwenye maelezo ya kazi. Nachora skrini ya programu ya simu mtu anakuja na kikombe ananiwekea juu ya meza bila kusema neno, eti naelewa. Siku naondoka wakaniuliza "sasa chai atapika nani". Hawakuuliza faili za michoro ziko wapi.

Mwajiri Mdogo
Naona mnamshambulia tu. Mimi nina ofisi ndogo Mwenge, tuko watano. Intani anakuja na cheti cha GPA kubwa hajui hata kupushi kodi GitHub, kule kodi zinakotunzwa, namfundisha bure, anatumia umeme wangu, siku ya kwanza kupewa seva anafuta database ya mteja Ijumaa jioni. Akishaiva anahama. Na wateja wetu hawalipi kwa wakati, ankara yangu moja imelala mezani kwa mtu tangu mwaka wa fedha uliopita. Hiyo hela ya kumlipa intani nitoe wapi?

Kandambili Moja
Mwajiri Mdogo na wewe kwenu mnadai chenji?

Mwajiri Mdogo
Chenji ni mali ya kampuni.

Shombo la Feri
HAYA JAMANI NI YEYE

Fundi wa Usiku
Kizibao kimeingia jukwaani kwa akaunti nyingine 😂

Mwajiri Mdogo
Sio mimi nyie watoto. Mimi sina kizibao. Na nani alimpa intani seva yenye database ya mteja? Nimejibu swali langu mwenyewe, haya.

Wakili wa Kitaa
Tuweke utani pembeni. Mleta mada soma Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kama unamfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya karibuni, sheria inakuchukulia ni mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo, hata akuite intani, hata akuite mjomba. Saa 45 kwa mwezi, sio kwa wiki. Wewe unakesha na VFD, saa hizo unazimaliza wiki ya kwanza. Peleka madai CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, usikae mpaka muda ukupite, kwa madai ya aina hii mwisho ni siku 60. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataja programu za kompyuta waziwazi kati ya kazi inazozilinda. Ulisaini karatasi yoyote?

Shombo la Feri
Wakili sisi tumekuja kucheka mbona unatuharibia

Mla Bando
Sijasaini chochote mkuu, kila kitu kiko WhatsApp. Ila historia yote ya GitHub ina jina langu kuanzia faili la kwanza. Badiliko lake ni moja tu, ile rangi ya kijani, na hata ile iliharibu menyu nikairudisha usiku.

Wakili wa Kitaa
Usifute meseji hata moja. Piga picha skrini zote za WhatsApp, weka nakala sehemu nyingine. Njoo PM.

Kandambili Moja
PM ya wakili ndio ina chenji kweli sasa.

Msee wa Umoja
Poleni sana majirani. Huku Nairobi mambo ni yale yale, tunaita attachment, unaeza zunguka na barua ya shule town yote viatu ziishe ukitafuta tu mahali pa kukaa bure. Na zamani kulikuwa na Andela, kampuni ya kufunza madevelopa na kuwapeleka kwa wateja, walikuwa wanalipa mtu huku akiendelea kujifunza, tukaona sasa tumefika. Septemba 2019 wakaachisha madevelopa wachanga karibu 400 Kenya, Uganda na Nigeria, eti wateja wanataka wazoefu. Sasa huo uzoefu mtu atautoa wapi kama kila mtu anataka uliokwisha iva? Lakini buda kuingia chini ya meza juu ya shilingi mia tano za TZ, hiyo kwetu ni kama bob ishirini na kitu. Ungemwachia tu.

Mla Bando
Ningemwachiaje na mteja anaangalia? Ningeonekana nimeiba!

Chuma Ulete
Acheni kulia kila siku. Fursa zipo. Outreachy wanatoa dola 7,000 kwa miezi mitatu unafanya mradi wa chanzo huria, yaani kodi iliyo wazi kwa wote, uko nyumbani kwako. Google Summer of Code ipo tangu 2005 nao wanalipa. Sema vijana wa siku hizi mnataka kupewa ofisi yenye kiyoyozi muonekane mmeajiriwa.

Dada Pikseli
Chuma wewe umeshawahi kuomba?

Chuma Ulete
Mimi niko kwenye biashara ya mpunga. Nawaelekeza tu.

Fundi wa Usiku
Mtu wa mpunga anatufundisha chanzo huria 😂😂 ila kweli zipo, rafiki yangu alipita moja. Shida ni ule mwezi wa kuchangia kabla hujachaguliwa, unachangia bure huku unashindana na watu wa dunia nzima wenye umeme. Na bando lile.

Ngano Mbichi
Nyie bado mna bahati mnaandika mifumo. Mimi fildi nilipangiwa ofisi moja ya wilaya, kozi yangu ni Sayansi ya Kompyuta, wakaniweka kwenye mashine ya fotokopi. Nilitoa kopi mpaka ripoti yangu ya fildi nikaandika sura nzima ya namna ya kutoa karatasi iliyokwama. Msimamizi wa chuo alipokuja akaniambia "vizuri, umeonyesha utatuzi wa matatizo". Nikapata A.

Shombo la Feri
Ngano na wewe fungua uzi wako hiyo A inastahili heshima

Bibi wa Mjini
Sijaelewa, mtu anafanya kazi bila mshahara wazazi wake wanasemaje? Mwanangu yuko Dodoma naye anasema yuko intenshipu, kila wiki natuma elfu ishirini. Ndio hii?

Kandambili Moja
Ndio hii mama.

Bibi wa Mjini
Basi leo atanisikia.

Dalali wa Kompyuta
Ninayo laptopu core i5 RAM 8 SSD 256 imetumika kidogo, inafaa sana kwa maprogramu. Bei maelewano. Nipo Kariakoo.

Chuma Ulete
Mla Bando mshukuru Mungu hulipwi. Ukianza kulipwa tu bodi ya mikopo ya wanafunzi wanachota 15% kabla hata hujaiona.

Ngano Mbichi
15% ya neti, ile inayobaki mkononi, au ya basiki, mshahara wa msingi?

Chuma Ulete
Ya neti.

Wakili wa Kitaa
Ya basiki, posho hazihusiki.

Mwajiri Mdogo
Basiki. Mimi ndio nakata naijua, na nisipopeleka mimi ndio napigwa faini.

Dada Pikseli
Si kulikuwa na ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo inapanda kila mwaka? Ile ndio iliniua.

Wakili wa Kitaa
Ilifutwa 2021.

Dada Pikseli
Ile ilifutwa, mimi nazungumzia maumivu.

Fundi wa Usiku
Sasa kama umejiajiri huna basiki wala neti wanakatia wapi?

Chuma Ulete
Unapeleka mwenyewe kila mwezi.

Fundi wa Usiku
Mwenyewe? Kwa miguu yangu?

Ngano Mbichi
Na aliyeacha chuo mwaka wa pili anadaiwa? Naulizia rafiki.

Mwajiri Mdogo
Anadaiwa.

Ngano Mbichi
Hata kama alikuwa anachukua ya chakula tu?

Wakili wa Kitaa
Mwambie rafiki yako chakula alikula.