Naomba ushauri: nirudi Bukoba au nibaki Nakivale?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu, nina miezi mitano najitolea kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Wengi ninaowafundisha ni Wakongo, kwa hiyo Kiswahili kinatubeba, ingawa chao kinanichekesha na changu kinawachekesha zaidi.

Shida zipo, sifichi. Mgao wa chakula umepunguzwa, darasani watoto wanabanana hadi mlangoni. Lakini jirani yangu, mama mmoja wa nyumba ya udongo na turubai, amepanda maua kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Kila jioni anayamwagilia maji aliyosuuzia vyombo. Nikamuuliza, mbona hukupanda mchicha? Akacheka: "Mchicha uko nyuma, mwalimu. Haya ni ya macho."

Nikatuma picha ya yale makopo nyumbani. Dada yangu akajibu, "Kumbe mnakula raha!" Iliniuma.

Muda wangu unaisha mwezi ujao, akiba nayo imekata. Mliowahi kujitolea nje, mliamuaje kubaki au kurudi? Na mambo kama haya ya maua mnayasimuliaje bila watu kudhani shida hakuna?