Mrejesho: Mama kafika London salama

Asanteni nyote mlionijibu nilipouliza vipi mama, mtu mzima na miguu yavimba, atasafiri kutoka Lamu hadi London. Alhamdulillahi, kafika. Boti mpaka Manda, ndege ndogo mpaka Nairobi, kisha muda wa saa tisa hivi angani. Ushauri wa kuinuka mara kwa mara na kutembea ndio uliomfaa zaidi: dada yangu asema alipotua Heathrow viatu vilimwingia bila taabu. Kilichomshtua ni jua la Desemba, lazama kabla ya saa kumi jioni! Na kwa kuwa London iko nyuma yetu saa tatu, wakamkalisha kwa mazungumzo hadi saa tatu usiku ndipo akalala. Alfajiri kaamka mzima, kadai chai ya tangawizi.