Bata mzinga kwa geji 12: madini ya risasi au TSS, choki ya fulu au ya .660?

Mto_Gasconade:
Wakuu, msimu wa machipuko unakaribia hapa Missouri, nataka kumaliza suala la mtawanyiko wa marisau (vidonge vya ndani ya katriji) kabla ya kuingia msituni. Bunduki ni Remington 870 geji 12, chemba ya inchi 3, na choki (mbano wa mdomo wa mtutu unaokusanya marisau) ya fulu, yaani ya kubana sana, iliyokuja nayo. Nalinganisha njia tatu: (1) katriji za madini ya risasi namba 5 (namba ikipanda, risau ni dogo zaidi), wakia 1¾, kwa choki hiyo hiyo ya fulu, (2) katriji hizo hizo kwa choki ya bata mzinga ya .660 (kipenyo cha inchi 0.660), (3) TSS, yaani marisau ya tangisteni, namba 9, wakia 1¾, kwa .660. Sitapiga zaidi ya yadi 40. Ipi inastahili pesa?

FundiMitutu:
Mkuu, anza na hesabu ya marisau. Wakia moja ya namba 5 ya madini ya risasi ina marisau kama 170, kwa hiyo katriji yako inabeba takriban 298. TSS namba 9 ni kama 362 kwa wakia, unapata 634. Kipimo cha wawindaji wengi ni marisau 100 ndani ya duara la inchi 10 kwa yadi 40. Namba 5 lazima iingize theluthi nzima ya mzigo wake humo; TSS inatosheka na chini ya sehemu moja ya sita. Ndiyo maana TSS inavumilia choki isiyo kamili.

Usiogope udogo wa namba 9. Tangisteni hiyo ina gramu kama 18 kwa sentimita moja ya ujazo, madini ya risasi yana 11 na kidogo. Risau dogo lakini zito linahifadhi kasi na kupenya hadi pingili za shingo. Namba 9 ya madini ya risasi haiwezi kazi hiyo, usijaribu.

Kuhusu choki, usisome .660 peke yake. Soma tofauti kati ya choki na tundu la mtutu. Remington ni kama .727, kwa hiyo .660 inabana .067. Bunduki nyingine, Mossberg 835, ina tundu la .775; kwa mtutu huo .660 ingekuwa kubana kupita kiasi. Madini ya risasi ni laini: ukiyabana mno yanabonyea, na risau lililobonyea linapepesuka nje ya kundi. Unaona karatasi yenye mapengo katikati na matundu yaliyosambaa pembeni. Kwa hiyo njia ya 2 inaweza kuwa mbaya kuliko ya 1. Kwa namba 5 ningejaribu .670 kwanza.

Zuhura_Hill:
Kabla ya kulinganisha msongamano, kaka, hakikisha bunduki inapiga pale unapolenga. Hili ndilo linaloponza wengi.

Chukua karatasi ya inchi 36 kwa 36 au kubwa zaidi, weka nukta ya inchi 2 katikati. Kaa kwenye benchi, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, miwani na vikinga masikio vikiwa vimevaliwa. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, maana namba 5 inaweza kuruka zaidi ya mita 200. Anza yadi 20 kwa katriji nyepesi za mazoezi, uone kitovu (katikati ya kundi la matundu) kiko wapi bila kuumiza bega wala mfuko. Kisha nenda yadi 40 na katriji za kuwindia.

Duara la inchi 10 lichore kuzunguka penye matundu mengi, SI kuzunguka nukta. Pima umbali kutoka katikati ya duara hadi nukta. Kitovu kikihama inchi 4, karibu nusu ya duara lako zuri linakwenda hewani. Piga karatasi tatu kwa kila mchanganyiko wa choki na katriji, kisha chukua wastani. Karatasi moja inadanganya. Andika juu ya kila moja choki, katriji na umbali.

Matundu yakienda juu kwenye karatasi zote, angalia shavu. Teke la bunduki linafanya mtu ainue kichwa kwenye kitako mapema, na kwa kishanga cha mbele (kile kijidoti cha kulengea mwisho wa mtutu) peke yake, jicho likipanda, marisau yanapanda pia.

BabaNeema:
Naongezea, nikitofautiana kidogo na wenzangu. Katriji za TSS ni ghali mara kadhaa. Kama karatasi inasema njia ya 1 ni nzuri hadi yadi 35, basi piga hadi 35, na pesa ibaki. Lakini pia usihesabu 100 tu: chora kichwa na shingo kwa ukubwa halisi, tazama kama kuna pengo linaloweza kuipitisha shingo nzima.

Rudia pia kwa yadi 20. Choki kali na TSS hapo kundi ni dogo sana, ukikosea kidogo unamkosa bata mzinga mzima. Sheria ya Missouri inakataza marisau makubwa kuliko namba 4, kwa hiyo 5, 6 na TSS 9 zote ni halali. Na TSS usiipitishe kwenye choki ambayo mtengenezaji hakuiruhusu.

Mto_Gasconade:
Shukrani. Na kama kitovu kiko inchi 3 kushoto kwenye karatasi zote tatu?

FundiMitutu:
Fungua choki, safisha nyuzi na mabaki ya plastiki, ifunge tena hadi mwisho. Ijaribu kwa choki nyingine: kitovu kikihama, tatizo ni choki. Kikibaki pale pale, ni mtutu au kulenga kwako. Funga darubini ya nukta nyekundu. Nyingi husogea dakika moja ya pembe (1/60 ya digrii) kwa kila mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia, ambayo kwa yadi 40 ni kama inchi 0.42. Inchi 3 ni milio 7 kulia. Ukibadilisha choki au katriji baada ya hapo, rudi kwenye karatasi upya.