Hema la kuvulia samaki kwenye barafu: nilirekebishe vipi lifae kwa ulinzi wa mabwawa Mufindi?

Mfugaji wa Mufindi

Kamwene, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi wa mahema na ushonaji wa maturubai. Hivi karibuni nilinunua kwenye mitumba jijini Mbeya hema jeusi la kukunjwa ambalo halina sakafu. Muuzaji aliliita hema la kambi, lakini picha iliyochapwa kwenye mfuko wake inaonyesha watu wawili wameketi juu ya ziwa lililoganda, kila mmoja ameshika ndoana fupi iliyoteremshwa kwenye tundu la barafu, na ndipo nilipoelewa kwamba limetengenezwa kwa ajili ya wavuvi wa nchi za baridi kali. Kitambaa chake ni cha tabaka mbili zenye pamba nyembamba katikati. Kila ukuta, pamoja na paa, una fito za faibaglasi zinazokutana kwenye kitovu kimoja katikati, na kwa chini kuna pindo pana linalolala ardhini.

Nina mabwawa kadhaa ya perege yaliyotawanyika bondeni, mbali na nyumba, na samaki wanapokaribia kuvunwa huandamwa na fisi maji pamoja na wezi. Kibanda cha kudumu hakinifai, kwa kuwa mlinzi huhama kufuata bwawa linalotarajiwa kuvunwa. Wenyeji wa huku mnaufahamu mwezi wa Juni na wa Julai: upepo wa kusi hupandisha ukungu kutoka bondeni, nguo hazikauki, na usiku ambao mbingu haina mawingu jalidi huonekana kwenye nyasi alfajiri.

Hema linazuia upepo vizuri sana. Hata hivyo ardhi ni baridi na mbichi, paa hudondosha matone kuelekea asubuhi, manyunyu hupenya kwenye mishono, na skrubu za chuma zilizokuja nalo hazishiki kabisa kwenye udongo wetu. Mlinzi ni mtoto wa kaka yangu, naye ameomba aruhusiwe kuingiza jiko la mkaa ndani. Nimemwambia asubiri kwanza nipate maoni yenu.

Fundi Maturubai, Mafinga

Ndugu Mfugaji, nianze na sakafu, kwa sababu hapo ndipo joto la mlinzi wako linapopotelea zaidi. Mtu aliyelala hugusa ardhi kwa sehemu kubwa ya mwili, na godoro la sponji laini hukandamizwa na uzito wake mpaka hewa iliyomo, ambayo ndiyo kinga yenyewe, inatoka. Tandika kwanza turubai zito la nailoni juu ya ardhi, ulikate liwe dogo kuliko hema kwa upana wa kiganja kila upande, kwani likitokeza nje litakusanya maji ya mvua na kuyaingiza ndani. Juu yake weka nyasi kavu zilizopangwa kwa unene wa kutosha, kisha ile mikeka ya sponji ngumu inayounganishwa kwa meno, ambayo watoto huchezea. Kabla ya kuinunua, chukua kipande kimoja ukizamishe ndani ya maji usiku mzima. Kikitoka kizito au kikatoa maji unapokikamua, usikichukue.

Ukipenda, jenga kichanja kifupi cha mianzi, ambayo huku kwetu haikosekani. Kichanja humwepusha mlinzi na unyevu, lakini hewa baridi hupita chini yake, kwa hiyo bado atahitaji mkeka mzito chini ya mgongo. Nimewaona wengi wakijenga kichanja kizuri halafu wakatandika shuka tupu juu yake, na wakashangaa kwamba baridi imezidi.

Skrubu zile ziache. Zina meno ya kuuma barafu, na kwenye udongo uliolowa hutoka kwa kuvutwa na mkono. Nunua nondo ya milimita 10, ikatwe vipande vya nusu mita, kila kimoja kikunjwe kichwa, na ukipigilie kwa kukilaza ili kichwa kielekee upande wa mbali na hema. Nakusihi usipigilie kigingi chochote kwenye tuta la bwawa, hata kama ndipo mahali panapoonekana pazuri zaidi, maana tundu moja linaweza kuwa mwanzo wa maji kuvuja. Ikiwa ardhi ya pembeni ni laini mno, fukia gogo fupi kwa kulilaza kwenye mtaro wa kina cha mkono mmoja na uifunge kamba kwenye gogo hilo.

Msafiri wa Makambako

Kaka, nimeishi Ontario, nchini Kanada, na mahema ya namna hiyo nimeyaona yakitumika katika Ziwa Simcoe wakati wa baridi. Nadhani ukielewa kwa nini yalitengenezwa hivyo, utajua la kubadilisha na la kuacha.

Halina sakafu kwa sababu wavuvi hutoboa matundu kwenye barafu humo humo ndani, tena barafu yenyewe ni kavu kiasi. Kule hushauriwa kwamba mtu mmoja anayetembea kwa miguu asikanyage barafu safi yenye unene usiofika sentimita 10. Weusi wake si kwa ajili ya joto. Ndani kukiwa giza, mwanga unaopita kwenye barafu huangaza maji, na mvuvi huweza kumwona samaki chini ya tundu. Kwa mlinzi giza hilo ni kikwazo, kwa hiyo fungua dirisha la upande wa bwawa na umweke kiti mahali ambapo macho yake yatakuwa sawa nalo. Kwa kawaida plastiki ya madirisha hushikiliwa na velkro, yaani utepe wa kunatanisha, na hubanduliwa bila kukata kitu.

Pindo la chini ni la kurundikiwa theluji ili upepo usipenye. Hapa watu watashawishika kulirundikia udongo, lakini udongo mbichi utaozesha kitambaa na kuwaita mchwa. Weka viroba vyenye mchanga, navyo usivipange mzunguko mzima: upande usiopigwa na upepo uachwe wazi kidogo ili hewa iingie kwa chini.

Hapa ndipo ninapotaka kusisitiza. Matone yanayodondoka alfajiri hayatoki nje. Ni pumzi na jasho la mlinzi, pamoja na unyevu wa ardhi, vinavyokutana na kitambaa kilichopoa. Mtu akiziba kila upenyo kwa kuogopa baridi, nguo zake hulowa, na aliyelowa hupoa upesi zaidi kuliko aliyeketi kwenye hewa kavu inayopita taratibu. Tundu la hewa la juu lisizibwe kamwe. Kwa upande wa mvua, tengeneza paa la pili la turubai jepesi juu ya hema, ukiacha nafasi ya shubiri moja kati yake na kitambaa. Nafasi hiyo huzuia manyunyu yasifike kwenye mishono, na pia hulikinga paa la hema lisipoe sana mbingu inapokuwa wazi. Ukililaza turubai moja kwa moja juu ya hema utakuwa umeziba pumzi yake, na matone yataongezeka.

Muuguzi, Njombe

Shikamoo, baba. Nimesoma kuhusu jiko la mkaa na sikuweza kupita bila kuandika. Tafadhali usimruhusu kijana huyo aliingize, hata kwa muda mfupi, hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa unaong'aa mwekundu bila moshi hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka huku mwili ukikosa kile unachokihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu anayelinda usiku atadhani ni usingizi tu. Aliyekwisha kulala hawezi kuzitambua dalili hizo, na wengi hawaamki.

Mkimkuta katika hali hiyo, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mumfikishe hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu. Jiko likae nje, mbali na mlango na upande ambao upepo hauleti hewa yake hemani. Achemshie maji huko, ayaache yapoe kidogo, ayatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, aivingirishe kwa kitambaa kizito na kuiweka miguuni. Lita mbili za maji zinapopoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 hutoa joto linalokaribia lile ambalo mwili wa mtu aliyelala hutoa kwa saa moja. Soksi kavu za kulalia na kofia ya sufi ziwepo kila usiku, nazo zisiwe zile alizozungukia bondeni.

Mfugaji wa Mufindi

Marahaba, binti, na ahsante sana. Jiko halitaingia. Vipi kuhusu jiko dogo la gesi, ambalo halina mkaa? Pia ufito mmoja wa ukutani umeanza kupasuka kwa urefu karibu na kitovu.

Msafiri wa Makambako

Kaka, gesi nayo ikikosa hewa ya kutosha hutoa sumu ile ile. Wavuvi wa kule hutumia hita za gesi zilizotengenezwa kwa ajili ya mahema, huacha matundu wazi, na hushauriwa kutundika kifaa cha kupiga kelele sumu hiyo inapokuwepo hewani, lakini bado huonywa wasilale hita ikiwaka. Zaidi ya hayo, kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua huzaa takribani kilo moja na nusu ya maji kwa umbo la mvuke. Utakuwa unamwagia paa lako maji kutoka ndani.

Fundi Maturubai, Mafinga

Ufito uliopasuka usiushike kwa mkono mtupu, kwani nyuzi zake ni kama sindano za kioo na huvunjikia ndani ya ngozi. Vaa glavu, paka gundi ya epoksi kwenye ufa, zungushia uzi imara wa kushonea viatu kwa kubana, kisha vika juu yake kipande cha bomba jembamba la alumini kinachopita ufa pande zote mbili. Kiachwe kikauke kabla ya kukunja hema. Hema lenyewe lisifungwe likiwa bichi. Ikilazimu lihamishwe asubuhi yenye ukungu, lifunguliwe tena mchana huo huo.

Kila kitovu cha ukutani kina pete ya kufungia kamba. Zitumie zote, hasa za upande wa kusi, kwa sababu upepo ukiusukuma ukuta ukabonyea ndani, fito ndizo zinazolipa.

Turubai la paa la pili naweza kukushonea, pamoja na vitundu vya chuma vya kupitishia kamba. Niletee vipimo vya kutoka kitovu cha ukuta mmoja hadi kitovu cha ukuta unaoutazama, ukivipima kamba zikiwa zimevutwa. Vipimo vya kona kwa kona havitoshi, maana kuta za hema hilo huvimba kuelekea nje, na turubai lililokatwa kwa kufuata kona litagusana na hema katikati na kuimaliza nafasi yote ya hewa.